Vibao vya Grandi na Lauri

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu, alifanya kibarua katika bustani ya manispaa kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akisoma kibao. Vibao naviandika mimi. Ndiyo kazi yangu: bati, rangi nyeupe, brashi nyembamba, jina la Kilatini juu na jina la kawaida chini, kama lipo. Wanaokuja kutembea husoma kibao kwanza, kisha huutupia mmea jicho moja kuhakikisha kwamba upo, kisha hukipiga picha kibao. Ningepanda mchicha nikaandika waridi, wangeinama kuunusa na kusifia harufu yake.

Shemeji yeye alikwenda moja kwa moja kwenye jani. Alilishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akalipapasa juu, akaligeuza, akalipapasa chini, na hapo akawa ameshajua. Sehemu yake ilikuwa ile ya mimea inayotambaa, kule nyuma, kwenye vichanja vya vyuma virefu ambako jua la saa sita linachoma mpaka utosini. Mimea arobaini na miwili, karibu yote ikiwa na ndugu yake pembeni anayefanana naye, na kazi yake ilikuwa kupogoa, kufunga, kung'oa iliyokufa na kukata vipando vya kitaluni. Kipando hakina ua. Ni kijiti chenye majani mawili, na ukikosea pale umepanda kitu kingine, utakuja kujua baada ya mwaka mzima.

Ndiyo maana hakushughulika na maua. Alisema ua ni la kuwafurahisha wapita njia. Kulikuwa na bogonvilia mbili zenye zambarau ileile, na wageni wakizihesabu moja. Yeye alijua kwamba moja ina majani yenye malaika, kama kidevu ambacho hakijanyolewa tangu juzi, na miiba mikubwa iliyopinda. Nyingine majani yake ni laini na yanang'aa, na miiba yake ni mifupi. Pasheni ya kula aliitambua kwa vinundu viwili vilivyo pale kikonyo kinapokutana na jani. Binamu yake mwenye maua ya buluu alikuwa na vinundu hivyo katikati ya kikonyo, na jani lake limegawanyika vidole vitano. Alamanda ya njano ukiivunja inatoa utomvu mweupe, na majani yake yanauzunguka mti manne manne. Ile ya zambarau ina utomvu huohuo, lakini ukipapasa chini ya jani lake unakuta manyoya. Haya yote alikuwa nayo kwenye ncha za vidole, na alikuwa akiniambia bila kujisifu wakati mimi nimekaa kivulini nikisubiri rangi ikauke.

Kisha walikuwapo Grandi na Lauri. Majina yao kamili ni marefu, yananimalizia nafasi kwenye bati: Thunbergia grandiflora na Thunbergia laurifolia. Sisi tuliwaita Grandi na Lauri, kama watoto wa jirani. Wote wawili wanatoa maua makubwa ya samawati iliyofifia, yenye koo jeupe linaloelekea njano, yananing'inia kwa vishada, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayewatofautisha kwa maua. Tofauti iko kwenye jani. Grandi ana jani pana lililoingia ndani pale chini, pembeni lina meno na pembe, ukilipapasa linakwaruza, na mishipa mitano au zaidi inatawanyika kutoka kwenye kikonyo. Lauri ana jani jembamba, refu, laini, bila meno ya maana, na mishipa mitatu tu inaanzia chini.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu mkuu wa bustani hakulijua. Tulimwita Bwana Kitabu, kwa kuwa alitembea na kitabu kikubwa kwapani ambacho katika miaka kumi na mitatu sikumwona akikifungua hata mara moja, si jua wala mvua. Kila mmea aliujua kwa kilichoandikwa kwenye kibao chake. Kibao kikianguka kwa mvua, alipita njia ya upande wa pili mpaka nikirudishe. Nilimdharau mtu yule kwa moyo wangu wote, na dharau yangu niliipenda. Niliamka nayo asubuhi, nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo nyumbani.

Sasa, shemeji aliishije? Kaka yangu alikwenda mji mwingine kutafuta maisha, akayapata, akasahau kurudi nayo. Alimwacha mkewe katika vyumba viwili vya kupanga, pamoja na mama yetu ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kukataa. Kaka alipiga simu mara mbili kwa mwaka, akamwuliza mama kama anakula vizuri, mama akasema anakula, naye akaridhika kama mtu aliyempikia. Mimi, mwana mwingine wa kumzaa, nilikaa mitaa mitatu kutoka pale na kila Jumapili nilikuwa na udhuru. Aliyemwogesha mama, akamgeuza, akamkata kucha, ni mtoto wa watu.

Tena yeye ndiye aliyeniingiza bustanini. Aliyeandika vibao alipostaafu, shemeji alimwambia msimamizi kwamba ana shemeji yake mwenye mwandiko mzuri. Mimi nikaajiriwa, kazi ya kudumu, likizo na kila kitu. Yeye akabaki kibarua. Kibarua huingia kwa lango la nyuma, anapanga foleni, msimamizi anahesabu vichwa mpaka anapochoka, kisha anasema nyie ingieni, nyie wengine leo hakuna kazi. Miaka kumi na tisa ya kusimama pale, na siku mama akishikwa kifua akachelewa foleni, basi siku imekwenda. Ajira ya kudumu ilikuwa na masharti mengi ya kipuuzi na moja la kweli: ukishafika miaka arobaini na mitano hawakuchukui. Mwaka huu ninaousimulia alikuwa na arobaini na minne na miezi minane.

Lakini lazima nianzie miaka minne nyuma, kwa ule ujinga wangu.

Walikuwa wanakuja wageni kutoka makao makuu, na Bwana Kitabu alikuwa amevaa suti tangu juzi yake kuizoea. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilichomoa kibao cha Grandi nikakichomeka kwa Lauri, na cha Lauri nikakipeleka kwa Grandi. Nilitaka kumwona akijiumbua. Kesho yake aliwasimamisha wageni chini ya kichanja, akanyoosha mkono kwa Lauri na kueleza habari za Grandi, akasema hata kwamba jina lake linatokana na ukubwa wa maua na waone wenyewe yalivyo makubwa kuliko ya huyu wa pembeni. Yalikuwa sawasawa. Wageni wakatikisa vichwa, mmoja akaandika. Nilikuwa nyuma ya mashina ya bogonvilia nimeuma kitambaa changu cha rangi ili nisicheke kwa sauti.

Nilimweleza shemeji peke yake, nikitegemea tutavunjika mbavu wote wawili. Hakucheka. Aliniambia nivirudishe. Nikasema kesho. Kesho yake walikuja watoto wa shule, nikataka kumsikia Bwana Kitabu mara moja tena. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Kisha ikaja amri kwamba vibao vinaibwa na wauza vyuma chakavu, basi vyote vijengewe kwa saruji. Fundi akaja na karai lake akavijengea pale alipovikuta. Mwaka uliofuata mtunza stoo akaagizwa kuandika upya orodha ya mimea ya bustani, ile ya zamani ililiwa na mchwa. Mtu yule alifanyaje? Alichukua kalamu, akazunguka kibao hadi kibao, akanakili. Hakuinua kichwa kutazama jani hata moja. Angekuwa ananakili makaburini ingekuwa vilevile. Orodha ikapigwa mhuri. Kuanzia siku hiyo mchezo wangu ukawa ukweli wa manispaa.

Basi likabandikwa tangazo: nafasi moja, mtunza mimea, ajira ya kudumu, waombaji wafanye mtihani wa vitendo. Vijiti kumi na viwili katika chupa za maji, bila maua, vya sehemu ya mimea inayotambaa. Atakayepata vingi zaidi ndiye. Niliposoma nilicheka kwa furaha ya kweli. Ilikuwa kama kumtungia samaki mtihani wa kuogelea.

Shemeji hakucheka hata hapo. Alinifuata kibandani kwangu saa ya chai, akasimama mlangoni na mkasi wake wa kupogolea.

"Shemeji, vile vibao virudishe kabla ya usaili," alisema. "Majibu yatatoka kwenye orodha."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kati ya mimea arobaini na miwili watachagua kumi na miwili, hao wawili hawatawafikia. Na kama wakiwafikia, nikasema, basi yeye aandike kama vibao vinavyosema, apate kazi, mengine baadaye.

Alinitazama kwa namna ambayo nilikuwa nimezoea kuwatazama wengine. "Yaani nijifunze ujinga ndio niajiriwe," alisema. "Virudishe tu."

Nikaahidi. Nilikwenda mpaka kwenye kichanja na nondo mkononi, nikatazama ile saruji, nikafikiria sauti ya kuivunja, na mtu kuuliza ninafanya nini, na mimi kujibu nini. Kuharibu mali ya manispaa ni kosa la kufukuzwa kazi. Limeandikwa, tena ubao wenyewe wa onyo niliuandika mimi. Nikasema nitakuja Jumapili, bustani ikiwa tulivu. Jumapili nikapata udhuru, kama nilivyozoea.

Waombaji waliofika mwisho walikuwa wawili. Mmoja shemeji. Wa pili ni mtu wa makamo aliyetoka kutunza maua ya hoteli. Nilimpa jina la Daftari papo hapo. Siku mbili kabla ya mtihani alipita vichanjani na daftari lake, akisoma vibao kwa sauti ya chini na kuchora jani moja moja pembeni ya jina. Kasuku mwenye kalamu. Nilimpita nikiwa na kopo la rangi, akanisalimu kwa heshima zote, nikamjibu kwa kidevu.

Mtihani ulifanyika asubuhi katika ukumbi mdogo wa kitalu. Chupa kumi na mbili kwenye meza ndefu, namba zimebandikwa. Mtunza stoo ndiye aliyekata vijiti, kwa kufuata vibao bila shaka. Kamati ilikuwa watu watatu: Bwana Kitabu na kitabu chake, mtunza stoo na orodha yake, na mama mmoja afisa utumishi kutoka makao makuu, ambaye alisema wazi kwamba yeye majani anayajua ya chai na ya mboga basi. Mimi nilikuwa nje napaka rangi benchi chini ya dirisha. Sikuwa na kazi na benchi lile, lilikuwa zima.

Daftari alipata kumi na mbili. Shemeji alipata kumi. Chupa ya nne na chupa ya tisa.

Nilisikia matokeo yakisomwa kupitia dirishani, nikajua hao ni Grandi na Lauri. Sikumsikia akilalamika. Aliomba tu, kwa adabu, kama wakubwa wasingeona taabu, waende wote mpaka kwenye mmea wenyewe wakatazame. Bwana Kitabu akasema haina haja. Afisa utumishi akasema mbona ni hatua mia tu, twende. Wakatoka wakanipita. Nami nikachukua brashi yangu nikafuata, kwa kuwa kule pia kulikuwa na benchi.

Chini ya kichanja shemeji alivuta tawi la kwanza. Alisema kwa sauti ileile aliyonielezea mimi miaka yote. Hili jani ni pana, lina meno pembeni, papasa uone linavyokwaruza, hesabu mishipa, mitano. Huyu ni Grandi. Akavuta la pili. Hili ni refu, laini, ukingo wake umenyooka, mishipa mitatu. Huyu ni Lauri. Hata kipando alichotokana nacho huyu nilikikata mimi mwenyewe, akasema. Afisa utumishi alipapasa yote mawili, mara mbili, na nikamwona akikunja uso kwa kufikiri. Mama yule alikuwa na akili. Akamgeukia Bwana Kitabu kumwuliza kitabu kinasemaje.

Bwana Kitabu akakikaza kwapani. Alisema kitabu ni cha maelezo ya jumla, lakini orodha ya bustani ina mhuri, na vibao viko pale vimejengewa saruji, na kama kila kibarua atakuwa anabadilisha majina ya mimea basi bustani itakuwa soko. Mtunza stoo akatikisa kichwa kukubali. Daftari akainama akisoma kibao upya, mdomo ukicheza.

Afisa utumishi akauliza, "Vibao hivi kaandika nani?"

Nikasema ni mimi.

"Uliandika ulichopewa?"

Shemeji alikuwa bado ameshika matawi yote mawili, moja kila mkono. Akanitazama. Hakunikazia macho wala hakunifanyia ishara. Alinitazama tu kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga viatu ili waondoke.

"Niliandika nilichopewa," nikasema.

Ilikuwa kweli, kila herufi. Niliandika nilichopewa. Hakuna aliyeniuliza nilikichomeka wapi. Mama yule labda alihisi kitu, lakini akafunga faili lake. Shemeji akayaachia matawi taratibu yasikatike, akasema ahsanteni, akarudi kwenye kazi yake, kwa sababu siku hiyo alikuwa ameingia kwa foleni kama kawaida na alikuwa na kichanja kizima cha kupogoa.

Nilimfuata baada ya saa moja. Nilikuwa nimejiandalia maneno: kwamba nilibanwa ghafla, kwamba tungefukuzwa wote na mama angekula nini. Nikamwuliza kwa nini hakusema mwenyewe, ilhali alijua kila kitu. Nililiuliza kama lawama, na sijui nilipata wapi ujasiri.

"Ningesema mimi, lingekuwa neno la kibarua aliyefeli," alisema bila kuacha kukata. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Daftari akaanza kazi tarehe mosi. Ni mtu mwenye bidii na ana adabu, na hilo linaniudhi zaidi kuliko kama angekuwa mvivu. Miezi minne baadaye shemeji alitimiza arobaini na mitano. Hakuna aliyeitaja siku hiyo. Asubuhi yake nilipita lango la wafanyakazi nikamwona kule upande wa pili katika foleni, na msimamizi akiwa anahesabu vichwa.

Siku hiyo ndiyo niliyochukua nondo. Sikusubiri Jumapili. Nilikwenda kichanjani saa mbili asubuhi, watu wakipita, nikavunja saruji, nikachomoa vibao viwili, nikavibadilisha mahali, nikakoroga karai dogo la saruji nikavijenga upya. Mtunza stoo alipita akanisalimu. Daftari alipita na mpira wa maji, akaniuliza kama nahitaji msaada. Saa nne walikuja watoto wa shule, na Bwana Kitabu akasimama palepale, saruji bado mbichi miguuni pake, akanyoosha mkono kwa Grandi akasema huyu ni Grandi, jina lake linatokana na ukubwa wa maua, oneni yalivyo makubwa kuliko ya huyu wa pembeni. Hakupepesa jicho. Kumbe woga wangu wote ulikuwa wa kuogopa watu wasioona. Na yule niliyemcheka miaka minne alikuwa hajui. Mimi nilijua, na mwandiko ulikuwa wangu.

Jioni nilikwenda kwake. Alikuwa amemketisha mama mlangoni, anamkanda miguu kwa mafuta, kidole gumba kikifuata mshipa mmoja mmoja. Nilimsalimu mama, nikasimama kama mgeni. Nikamwambia shemeji nimevirudisha vibao, kila kimoja kwake, na saruji nimeweka.

Hakuinua kichwa. "Ilikuchukua muda gani?" aliuliza.

Nikasema haikufika nusu saa.

Akamimina mafuta mengine kiganjani, akahamia mguu wa pili.